Mlango wa dharura: utunze vyuma vyake ili ufunguke siku ya hatari



Somo la toleo hili linawahusu watu ambao taarifa za afya huwasahau mara nyingi: mlinzi wa usiku wa kituo cha afya, fundi seremala, fundi wa kuchomelea vyuma, mkunga wa zamu, mwalimu anayelala na wanafunzi, na kamati inayoshika funguo za jumba la mikutano. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya mlango wa dharura. Hatutakaa sana kwenye kibao kilichoandikwa juu yake. Tutazungumza juu ya vyuma vinavyoufanya ufunguke au ugome: bawaba, komeo, kitasa, fito ya kusukuma, springi na skrubu.

Pengine utauliza, bawaba inahusika nini na afya? Fikiria wadi usiku. Mgonjwa aliyewekewa dripu hawezi kuruka dirishani. Mama aliyejifungua jana kwa upasuaji hawezi kukimbia, na mtoto wake hajui hata kuna mlango. Katika chumba cha lishe kuna watoto kumi na tano na mama zao, magodoro, mablanketi na maboksi ya chakula cha tiba. Ukizuka moto wa taa, wa waya za umeme wa jua au wa jiko la jirani, watu hawa wote wanategemea kipande cha chuma cha urefu wa kidole. Kipande hicho kikishikwa na kutu, dawa zote za stoo hazitawasaidia.

Majirani zetu wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, lilichomwa moto na wavulana 67 wakafa. Bweni lilikuwa na milango miwili, lakini mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hapa Uganda, mwezi wa Aprili 2008, wasichana wadogo waliungua bwenini katika shule ya Budo Junior. Baada ya kila msiba wa namna hii watu huuliza nani aliwasha moto. Ni swali la haki, lakini fundi na mlinzi wana swali lao la pili: mlango ulikuwa na hali gani siku moja kabla?

Tena si lazima kuwe na moto. Tarehe 16 Juni 1883, katika jumba la Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa kwa kubanana kwenye ngazi. Walikuwa wanashuka mbio kwenda kupokea zawadi. Chini walikuta mlango unaofungukia ndani, tena umetiwa komeo kwa namna ambayo ni mtoto mmoja tu aliyeweza kupita kwa wakati. Waliotangulia walikwama, na waliokuwa nyuma waliendelea kusukuma kwa sababu hawakuona lililokuwa mbele. Baada ya msiba huo Mwingereza mmoja, Robert Alexander Briggs, alibuni komeo linalofunguka kwa kusukumwa na mwili, akapata hataza yake mwaka 1892. Fito unazoziona leo kwenye milango ya hospitali kubwa ni wajukuu wa komeo lile. Wewe unayepanga foleni ya chanjo au ya kugawa sabuni ndani ya jumba, weka habari hii akilini: umati wenye furaha nao huua.

Ni mlango gani tunaouita wa dharura?

Kuandika neno la dharura kwa rangi nyekundu hakuufanyi mlango kuwa wa dharura. Mlango huo hufunguka kwa kusukumwa kwenda nje. Mtu aliye ndani huufungua bila ufunguo, bila taa na bila kuelezwa, kwa tendo moja la mkono. Ukihitaji kuvuta komeo la juu, kisha la chini, kisha kuzungusha kitasa, basi huo ni mlango wa kawaida tu, hata uandikwe nini.

Kwa nini kwenda nje? Watu thelathini wakifika pamoja kwenye mlango unaofungukia ndani, miili yao wenyewe huufunga. Hakuna mwenye nguvu za kuwarudisha nyuma ili auvute. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 unataka milango ya mabweni iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifungukie nje, isifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani, na madirisha yasiwe na nondo. Sisi tuko Uganda na vituo vyetu ni vidogo, lakini hicho ni kioo kizuri cha kujitazamia. Upana wa mlango wako hutaubadilisha kesho. Upande unaofungukia unaweza kubadilishwa na fundi kwa siku moja: huhamisha bawaba na kugeuza ubao wa kuzuilia uliopigiliwa ndani ya fremu.

Kufuli na wezi

Tuanze na ugomvi mkubwa, maana ukiuruka huu, mengine yote ni kazi bure. Walinzi wengi wa Nakivale, Rwamwanja na Kyaka II watakwambia hivi: “Mama, nikiacha mlango wa nyuma bila kufuli, asubuhi hutakuta godoro hata moja.” Mzee huyu hasemi uongo. Magodoro huibwa, dawa huibwa, hata betri za umeme wa jua huibwa. Mali ikipotea, yeye ndiye anayeulizwa wa kwanza, na pengine kupoteza kazi. Kwa hiyo usimwendee na hotuba ya usalama. Mwendee na njia ya kulinda vyote viwili.

Njia ya kwanza ni kutenganisha mali na watu. Stoo ya dawa haina mtu anayelala ndani, basi ifungwe kwa kufuli mbili ukitaka. Lakini mtunza stoo akiwa ndani anahesabu dawa, kufuli liwe mfukoni mwake. Likibaki linaning'inia kwenye pete, mtu anayepita ataona limesahaulika na atalifunga kwa nia njema kabisa.

Njia ya pili ni kuzuia kuingia bila kuzuia kutoka. Mlango wa nyuma wa wadi usiwe na mkono wala pete upande wa nje. Nje pawe laini kama ukuta, na bati lililopindwa lifunike ufa wa mlango ili mwizi asipate pa kuingiza chuma. Anayetoka ndani anasukuma tu. Anayetaka kuingia hana pa kushika.

Njia ya tatu ni kelele. Funga kengele ya mbuzi juu ya mlango, au makopo mawili yenye kokoto. Mlango ukifunguliwa usiku wa manane, mlinzi atasikia. Unaweza pia kubandika kipande cha karatasi kati ya mlango na fremu, kikiwa na tarehe na sahihi. Mtoto anaweza kuikata kwa kusukuma, lakini asubuhi utajua kwamba mlango ulifunguliwa.

Liko jambo moja la geti la nondo. Majengo mengi yana geti la chuma nje ya mlango wa mbao, na geti hilo ndilo hufungwa kwa kufuli. Ukishindwa kuliondoa, fanya hivi: chomelea pete ukutani mahali geti linapofika likiwa wazi kabisa. Jioni, wagonjwa wakiwa ndani, lifunge geti kwa kufuli kwenye pete hiyo, likiwa wazi. Sasa upepo hauwezi kulirudisha, na mtu mwenye bidii ya kufunga kila kitu hawezi kulifunga.

Kuna wanaosema ufunguo utundikwe kwenye msumari karibu na mlango, ndani ya kikopo chenye kioo. Kwa maoni yetu hiyo ni njia ya mwisho kabisa. Ufunguo huazimwa, huanguka, hubadilishwa na mwingine unaofanana nao. Na katika moshi hakuna anayeuona msumari.

Kuujaribu mlango

Mlango wa dharura hujaribiwa mara moja kwa wiki. Chagua siku isiyosahaulika, kwa mfano siku ya usafi wa kituo. Jaribio la kweli huchukua dakika kumi.

Kwanza, funga macho, anza kitandani, na utafute mlango kwa mikono. Ukigonga maboksi, yaondolewe siku hiyo hiyo. Kisha fungua kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili wa mama umembeba mtoto. Mpe na mtoto wa miaka kumi ajaribu, na bibi mwenye mikono dhaifu. Kinachomshinda bibi, usikihesabu kuwa kinafunguka.

Jaribio linalofuata ndilo muhimu zaidi, na karibu hakuna anayelifanya. Waombe watu wawili au watatu wausukume mlango kwa mabega kutoka ndani, kwa nguvu, wakati wewe unajaribu kufungua. Komeo la kuteleza litakushangaza. Likiwa halina mzigo, linateleza kama sabuni. Mlango ukisukumwa, chuma hukandamizwa kwenye tundu lake na hakitoki hata ukining'inia. Ndivyo inavyokuwa watu wakikimbia: wa mbele anashika komeo, wa nyuma wanamsukuma, na kadiri wanavyosukuma ndivyo komeo linavyozidi kukaza. Gogo la mbao linalolazwa kwenye ndoano nalo hubanwa vivyo hivyo. Kama mlango wako umeshindwa jaribio hili, mafuta hayatauponya. Unahitaji kifaa cha aina nyingine, na tutakieleza.

Mwisho, pitisha machela. Machela yenyewe, ikiwa na mtu juu yake na wabebaji wawili, mpaka nje kabisa. Hapo utagundua kizingiti kilicho juu mno, mlango unaofunguka nusu tu kwa sababu udongo umejaa nje, au nguzo ya veranda iliyosimama mahali pabaya. Wenye baiskeli za magurudumu matatu na wenye magongo waalikwe katika jaribio hili, maana wao ndio wanaojua kizingiti ni nini.

Bawaba

Mlango mwingi unaosemekana umeharibika kitasa, ukweli ni kwamba umelegea bawaba. Mlango hulemea kwa uzito wake, bawaba ya juu inavutwa kutoka kwenye fremu, na pembe ya mbali inashuka. Ulimi wa kitasa haukutani tena na tundu lake, watu wanaubamiza mlango kwa nguvu, na kila kubamiza kunazidi kung'oa skrubu.

Utajuaje? Funga mlango na utazame nafasi kati yake na fremu. Ikiwa juu upande wa bawaba nafasi ni pana na chini ni nyembamba, bawaba ya juu imelegea. Tazama na sakafu: mlango uliolala huchora upinde kwenye saruji.

Usikimbilie kukata mlango chini kwa randa. Weka kabari chini ya mlango mpaka uinuke mahali pake, kisha kaza skrubu. Zikizunguka bila kushika, mashimo yamekufa. Ondoa skrubu, chonga vijiti vya mbao ngumu, vipake gundi ya mbao, vipigilie ndani ya shimo na uache vikauke usiku kucha. Kesho yake kata kilichobaki nje, toboa shimo jembamba kuliko skrubu, halafu rudisha bawaba. Wengine hujaza njiti za kiberiti. Zitashika kwa wiki kadhaa kwenye kabati la sahani. Mlango wa wadi ni mzito mno kwa njiti. Ukiweza, kwenye bawaba ya juu tumia skrubu ndefu zinazofika kwenye mbao ya ndani au ukutani. Misumari usitumie, kwa sababu kila mlango unapofunguka inavutwa kidogo, na siku moja hutoka yote pamoja. Mlango mzito unastahili bawaba tatu.

Mlango wa chuma una bawaba za bomba zilizochomelewa, ambapo bomba la juu linakalia pini ya bomba la chini. Chuma kikilika, mlango unashuka na kuanza kukwaruza. Kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea, inua mlango kutoka kwenye pini zake, safisha, pakaza grisi kidogo, na vika washa moja ya chuma kwenye kila pini. Mlango utapanda kwa unene wa washa, na mara nyingi hiyo inatosha kwa mwaka mzima.

Kama ni lazima kuchomelea, wagonjwa wahamishwe kwanza, na magodoro, mapazia na hasa mitungi ya oksijeni vitolewe chumbani. Weka ndoo ya mchanga na ya maji karibu. Fundi akimaliza asiondoke. Abaki akitazama walau nusu saa, kwa sababu cheche iliyojificha kwenye pamba au nyasi za paa huanza kazi yake baadaye.

Tukitaja oksijeni, sikiliza neno hili: mikono yenye oili au grisi isiguse koki ya mtungi wa oksijeni. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo yanaweza kuwaka yenyewe. Baada ya kulainisha bawaba, nawa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine chochote wadini.

Komeo, kitasa na fito ya kusukuma

Komeo au ulimi usiofika tundu lake huonyesha dosari yake kwa masizi. Paka masizi ya sufuria kwenye ncha ya ulimi, funga mlango polepole, fungua, na utazame alama iko wapi kwenye bati la fremu. Alama ikiwa juu au chini ya tundu kwa milimita mbili tatu, piga tundu tupa mpaka litoshe. Ikizidi hapo, rudi kwenye bawaba, maana ugonjwa uko huko. Usipanue tundu bila kipimo hadi mlango ukacheza.

Kumbuka pia majira. Mvua za Machi hadi Mei, na za Septemba hadi Novemba, mbao hunywa maji na kuvimba. Mlango uliokuwa mwepesi mwezi wa Februari hugoma mwezi wa Aprili. Fundi mwenye haraka ataupiga randa wakati wa mvua, na kiangazi utakuwa na ufa wa kupitisha mkono. Kata kidogo sana, kisha pakaza rangi ukingo uliokatwa na hasa ukingo wa chini, ambao mafundi huuacha mtupu kwa sababu hauonekani. Maji huingilia hapo.

Sasa fito. Hii ni bomba la chuma linalolala kwa upana wa mlango, kwenye kimo cha kiuno, yaani kati ya sentimita 90 na 110 kutoka sakafuni. Inashikwa na mikono miwili inayozunguka kwenye pini. Ukiisukuma, mkono unavuta ulimi wenye springi na mlango unaachia. Uzuri wake ni kwamba mtu aliyebanwa tumbo kwenye mlango ameshaufungua, hata kama mikono yake haiwezi kuinuka. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuitengeneza, lakini asikabidhiwe malipo mpaka mlango ushinde lile jaribio la mabega. Siri yake ni ulimi: ncha yake iwe ya mviringo au ya mteremko na ipakwe grisi, na mkono wake uwe mrefu kiasi ili nguvu ndogo ya mtu ishinde mkandamizo mkubwa wa chuma.

Fito ina magonjwa matatu ya kawaida. La kwanza, inashuka lakini ulimi hautoki kwenye tundu. Tazama kiungo kati ya mkono na ulimi. Mara nyingi pini imeanguka na mtu ameweka msumari uliopinda. Tia pini ya kweli yenye nati na washa. La pili, ulimi unaingia lakini haurudi, mlango unabaki wazi, na wiki ijayo mtu anaufunga kwa kamba. Hapo ndipo kifo kinapoingia, kwenye kamba ile. Fungua kasha, toa vumbi na viota vya nyigu, osha kwa mafuta ya taa nje ya jengo mbali na moto, kausha, pakaza oili tone moja moja, na utazame springi. Ikiwa imechoka, ibadilishe kwa nyingine yenye nguvu ileile. Springi ya kalamu tumeiona ikijaribiwa; haifai. La tatu, fito imepinda kwa sababu watu wanaitundikia mablanketi na ndoo. Weka ndoano ukutani, watapata pa kutundika.

Kitasa cha ufunguo kisitiwe oili ndani ya tundu. Oili hukamata vumbi na kuwa uji. Saga risasi ya penseli iwe unga, upulize ndani, kisha ingiza na kutoa ufunguo mara kadhaa. Kwenye bawaba tumia oili ya cherehani au grisi kidogo, halafu futa inayobaki. Mafuta ya kula yaachwe jikoni: baada ya wiki chache yananata kama gundi. Oili chafu ya gari nayo ina chembe za chuma zinazokwangua, na si nzuri kwa ngozi ya wagonjwa wanaoshika mlango huo.

Klorini, rangi na mchwa

Katika kituo cha kutibu kipindupindu, vyuma vya milango hufa haraka kuliko mahali pengine popote. Sababu ni maji ya klorini tunayonyunyizia sakafu, kuta na vishikio. Klorini inaua vijidudu, na pia inakula chuma. Hatusemi upunguze klorini, hata kidogo. Tunasema hivi: klorini ikishamaliza muda wake kwenye bawaba na komeo, vifute kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, na mara moja kwa wiki pakaza grisi nyembamba. Milango ya vituo hivi ijaribiwe kila siku, maana kutu ya siku tatu inatosha kulikamata komeo jembamba.

Kutu iliyokwisha kuanza hutolewa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, ndipo rangi ya kuzuia kutu ipakwe. Kuipaka juu ya kutu ni kuifunika tu. Na wapaka rangi wachungwe. Mara nyingi kabla ya wageni wakubwa kutembelea kituo, kila kitu hupakwa rangi mpya kwa siku moja, pamoja na komeo, ulimi, pini za bawaba na ufa wa mlango. Ikikauka, mlango umegandishwa. Vyuma vinavyocheza vifungwe karatasi kwanza, na jioni ya siku hiyo mlango ufunguliwe mara kumi.

Mchwa hula fremu kwa ndani na kuacha rangi ikisimama peke yake. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi kutoka chini kwenda juu. Sauti ya kopo tupu inakuambia mbao imeliwa. Choma kwa ncha ya kisu. Ikizama, kipande hicho kikatwe na kingine kiungwe, kwa sababu bawaba iliyoshikwa na rangi tupu itaanguka na mlango wake.

Mahema na majengo ya turubai

Hapa ni maneno machache. Hema la wadi liwe na njia mbili, na zote zitumike. Zipu isiyofunguliwa mwezi mzima hujaa mchanga. Isugue kwa mswaki mkavu, kisha kwa kipande cha mshumaa. Kamba za mlango zifungwe kwa fundo la kitanzi linaloachia kwa kuvutwa mara moja. Kamba za kigingi zinazopita mbele ya mlango zihamishwe, au zifungwe vitambaa vyeupe, la sivyo atakayetoka mbio ataangukia hapo na wengine watamwangukia.

Nje ya mlango

Kazi yako haiishi kwenye kizingiti. Hatua tano nje ya mlango paonekane kama uwanja uliofagiwa: pasiwe na kuni, pikipiki, matangi ya maji wala biashara ya mandazi. Mama mwenye mandazi aelezwe kwa heshima na aonyeshwe mahali pengine penye wateja, atakubali. Mfereji wa maji ya mvua ufunikwe kwa mbao au saruji mahali watu wanapotokea. Ikiwa kuna uzio, utobolewe mlango mwingine nao ujaribiwe siku ileile, kwa kuwa kutoka wadini na kukwama kwenye seng'enge si kutoka.

Daftari

Nunua daftari moja dogo, ulifunge kwa kamba karibu na meza ya muuguzi. Kila wiki andika tarehe, mlango gani, nani amejaribu, na alichokuta. Usiandike neno “sawa” peke yake, andika kilichofanyika. Mfano wa ukurasa ulioandikwa vizuri ni huu:

“Jumamosi. Mlango wa nyuma, wadi ya wazazi. Umejaribiwa na mlinzi wa usiku na mkunga wa zamu. Bila mzigo unafunguka. Ukisukumwa na watu watatu, haufunguki. Komeo la chini limetolewa leo saa nne asubuhi na kupelekwa kwa fundi. Mpaka fito iwekwe, mlango unashikwa kwa kabari ya mbao iliyo ndani, inayotoka kwa teke, na mlinzi wa pili analala kwenye veranda ya nyuma. Machela imepita. Maboksi manane yameondolewa. Atakayefuatilia fito ni msimamizi wa kituo, kabla ya Jumatano.”

Jumatano ikifika, mlinzi afungue ukurasa huo mbele ya msimamizi na amuulize.